Wateja wananiomba nidanganye vipimo vyao. Hivi anayetufundisha kuuchukia au kuupenda mwili ni nani?

Fundi_Ngamiani

Habari zenu wanajukwaa.

Mie ni fundi cherehani, niko Ngamiani, Tanga. Nashona nguo za kike: magauni ya kicheni pati na sendofu, vitenge vya ofisini, sare za shughuli. Nina mabinti wawili wanaojifunza kwangu. Kuna jambo naliona kila siku na sina wa kumuuliza, ndiyo maana nimelileta hapa.

Mteja akiingia, kabla sijamzungushia futi, ameshaanza kujitetea. "Fundi usinishangae, nimejiachia sana." Mwingine: "Fundi mwenzio sina kitu nyuma, utanisaidiaje?" Wala hakuna aliyemuuliza. Halafu pumzi inavutwa, tumbo linaingia ndani, na mimi najua nikikata kitambaa kwa kipimo hicho, siku ya shughuli zipu haipandi. Basi nampigisha soga mpaka ajisahau, tumbo lirudi mahali pake, ndipo nasoma namba.

Kuna mmoja ni mwalimu wa sekondari, mwanamke mwenye akili zake timamu. Kiuno inchi 36. Akachungulia daftari langu: "Fundi, andika 34. Mengine utajua mwenyewe." Nikaandika 34, nikakata 36. Alipokuja kujaribu likamkaa kama alizaliwa nalo. Akageuka kwenye kioo, akaniambia, "Unaona? Si nilikwambia 34!"

Upande wa pili kuna mabinti wembamba wanaotaka nyonga za sponji. Nawashonea kigodoro ndani ya bitana, kazi ya kero kweli, maana sponji ikikaa vibaya mtu anaonekana ana nyonga moja. Kuna wiki nilikuwa na magauni mawili mezani, la mmoja anayelia hipsi zake kubwa nimfichie, na la mwingine anayetaka nimuongezee. Wote wawili walinionyesha kwenye simu picha ya dada yule yule wa Instagram.

Tena kuna wasindikizaji. Bi harusi mtarajiwa amesimama, mikono juu, namzungushia futi kifuani, na mama yake yuko pale kwenye benchi: "Huyu tangu mdogo ni kimbaumbau, sijui kamfuata nani." Shoga naye: "Ila wewe, mapaja tu ndiyo yanakuharibia." Binti anacheka. Mie niko karibu naye, futi iko mkononi mwangu, nahisi anavyokakamaa.

Na shangazi yangu, aliyeolewa Bukoba na kukaa huko miaka yote ya themanini, mpaka leo mtu akipungua hata kwa kufunga Ramadhani anamuuliza kwa sauti ya chini kama amepima.

Sasa maswali yangu. Watu wanasema ni simu na televisheni. Ni kweli, au kuna kingine? Hizo tafiti za saikolojia ziliwahi kuwafikia watu kama sisi, au ni za Wazungu watupu? Na mimi fundi, kuna ninachoweza kufanya, au nishone ninyamaze?

---

Mzee_wa_Chumbageni

Fundi mie sina utaalamu, nataka kujua gauni la kicheni pati ni shilingi ngapi. Mke wangu ananisumbua.

---

Bi_Mkufunzi

Mwanangu fundi, shikamoo nimeitikia kabla hujaitoa. Nimefundisha saikolojia chuo cha ualimu mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakuwa na maneno mengi. Ukichoka ruka.

Mwili tunaobeba kichwani si ule unaoonekana kwenye kioo. Paul Schilder, daktari wa Vienna, aliliandika hilo kitabuni mwaka 1935: ni picha inayochorwa na akili, na watu wanaotuzunguka wanashiriki kuichora. Watafiti waliokuja baadaye wakatafuta namna ya kuipima. Mwaka 1983 Stunkard na wenzake walitoa michoro ya watu tisa waliopangwa kutoka mwembamba kabisa hadi mnene kabisa. Unaulizwa: wewe ni yupi? Ungependa uwe yupi? Umbali kati ya majibu hayo mawili ndio kipimo cha kutoridhika. Mwalimu wako wa 34 ametoa majibu yote mawili bila kuulizwa, tena kakuandikisha.

Mwaka 1985 Fallon na Rozin waliwapa michoro hiyo wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Wanaume, kwa wastani, walijiona wako karibu kabisa na pale walipopenda kuwa. Wanawake walijiona wanene kuliko walivyotaka. Lakini lililonikaa mimi ni jingine. Wanawake walipoulizwa wanaume wanavutiwa na yupi, walionyesha mchoro mwembamba kuliko ule ambao wanaume wenyewe waliuchagua. Mteja akikwambia "mume wangu ndivyo anavyotaka", mara nyingi mume hajaulizwa.

Sasa televisheni. Utafiti unaotajwa kila mahali ni wa Anne Becker, daktari wa akili na mwanaanthropolojia, kule Fiji, mkoa wa Nadroga. Kwa desturi ya huko mwili ulioshiba ulisifiwa, na mtu akikonda ndugu walijiuliza nani hamtunzi. Televisheni ilifika 1995. Becker aliwapima wasichana wa sekondari wiki chache baada ya kufika, kisha akapima wengine 1998. Waliokuwa na alama za hatari kwenye dodoso la matatizo ya ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Mwaka 1995 hakuna aliyesema amejitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3.

Watu wengi huishia hapo na kusema "umeona, televisheni". Mie nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu wasome polepole. Waliopimwa walikuwa kama sitini na kidogo kila mwaka, si wasichana wale wale, na hapakuwa na kundi la pembeni ambalo halikupata televisheni. Tena wasichana walipohojiwa hawakusema tu kwamba wembamba ni mzuri. Walizungumzia kazi. Waliona wanawake kwenye tamthilia wana ajira, wana pesa zao, wanaamua mambo yao, na wote ni wembamba, wakajumlisha.

Halafu Becker akarudi na swali kali zaidi, matokeo yakatoka 2011, safari hii kwa wasichana zaidi ya 500. Alitenganisha anachotazama msichana mwenyewe na wanachotazama marafiki zake. Kilichoambatana na matatizo ya ulaji ni kile cha marafiki, hata ukiondoa kile anachotazama yeye. Maana yake, binti ambaye kwao hakuna televisheni hajaepuka. Inamfikia kwa midomo ya wenzake. Kwa hiyo fundi, ukiniuliza mimi kati ya simu na benchi la wasindikizaji, nitaanza kuliangalia benchi lako.

Umeuliza kuhusu watu kama sisi. Zipo. Mwaka 1983 Furnham na Alibhai walilinganisha Wahindi wa Kenya, Wahindi wa Kenya waliohamia Uingereza, na Waingereza. Wa Kenya waliipa michoro minene alama nzuri kuliko wengine, waliohama walikuwa wameshachukua macho ya Uingereza. Mwaka 1994 Furnham akishirikiana na Peter Baguma wa Makerere waliwapa Waganda na Waingereza michoro, na Waganda wakampokea mwanamke mnene vizuri zaidi. Mwaka 2006 Tovée na Swami wakafanya na Wazulu: walioko Afrika Kusini waliona uzuri kwenye mwili mkubwa, Waingereza kwenye mwembamba, na Wazulu waliohamia Uingereza wakawa katikati. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni mji.

Hata hapa kwetu, kina Marlowe walikwenda kwa Wahadzabe, Ziwa Eyasi, wakiwa na michoro ya wanawake. Wakati huo vitabu vya Marekani vilikuwa vinatangaza kwamba mwanamume popote duniani anataka kiuno chembamba cha namba nane. Wahadzabe wakachagua wanene, na kiuno hakikuwashughulisha kama kilivyowashughulisha Wamarekani. Ukiishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, mwili wenye akiba ni habari njema. Na msicheke: Swami na Tovée waliwahi kusimama kwenye bwalo la chuo Uingereza wakawapima wanaume wanaoingia na njaa na wanaotoka wameshiba. Wenye njaa waliwapa wanawake wenye mwili mkubwa alama za juu zaidi.

Hapo ndipo shangazi yako anaeleweka. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha habari ya ugonjwa mpya wilaya ya Rakai, Uganda, ambao wenyeji waliuita "slim" kwa jinsi ulivyokondesha. Ndio huu UKIMWI. Rakai na Kagera zinapakana. Mtu aliyezika majirani miaka ile hawezi kuona kukonda kama urembo, hata umwekee picha ngapi za Instagram. Kwake kukonda kuna maana nyingine kabisa.

---

Chuma_Mwanza

Bi Mkufunzi asante, lakini umesema wanaume tunajiona tuko sawa. Hiyo ni 1985 mama. Njoo jim yetu hapa Mwanza uone. Vijana wanapiga picha mkono mmoja tu, kila asubuhi, wanalinganisha na jana. Mmoja hawezi kuvua fulana ziwani kwa sababu anasema "bado sijajaa", na ukimuona anaziba mlango. Mie mwenyewe nilikuwa naitwa "fito" shuleni na hadi leo naagiza mashati saizi kubwa halafu nayapeleka kwa fundi.

---

Bi_Mkufunzi

Chuma, una haki. Mchoro wa mnene na mwembamba hauoni msuli, ndiyo maana wanaume walionekana salama. Mwaka 2000 Harrison Pope na wenzake walitumia programu ya kompyuta inayoongeza misuli na mafuta, wakawapima vijana wa kiume Austria, Ufaransa na Marekani. Mwili walioutamani ulikuwa na misuli ya karibu kilo 13 kuzidi yao. Wakaulizwa wanawake wanapenda upi, wakaonyesha wa misuli vilevile. Wanawake wenyewe walipoulizwa, walichagua mwanamume wa kawaida tu, asiye na nyongeza hiyo. Ni kosa lile lile la wanawake wa 1985, limevaa fulana.

Huyo asiyevua fulana mwangalie kwa karibu. Pope huyo huyo na wenzake walilieleza tatizo hilo tangu miaka ya tisini: mtu ana misuli tele na anajiona fito. Likianza kumnyima kazi, marafiki au kumwingiza kwenye sindano, hilo si la kutaniana jim. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

---

Zuhura_Leicester

Bi Mkufunzi nakuheshimu, lakini hapa nitapingana nawe kidogo. Niko Leicester, mzaliwa wa Unguja. Nikienda nyumbani, uwanja wa ndege tu: "Mbona umepukutika, huko hamli?" Nikirudi kazini huku, kilo hizo hizo nilizopoteza kwa kuumwa malaria, wenzangu wananiuliza siri yake ni nini. Midomo nimeizoea, pande zote mbili, na inajifuta.

Lakini binti yangu hana shangazi wa kumsema. Ana simu. Darasani kwao hakuna anayemwambia chochote, hilo ni kosa kubwa, wanafundishwa. Na bado anarekebisha pua yake kwenye kila picha kabla ya kuituma. Nani amemwambia kuhusu pua? Kwa hiyo msizisamehe picha haraka hivyo.

---

Bi_Mkufunzi

Sijazisamehe, mwanangu Zuhura. Mwaka 2002 Groesz na wenzake walikusanya majaribio 25 ambayo watu walionyeshwa picha za wanamitindo wembamba kisha wakaulizwa wanavyojiona. Kwa ujumla wanawake walijiona vibaya zaidi kuliko walioonyeshwa magari, nyumba au wanawake wa kawaida, na walioumia zaidi ni wenye umri chini ya miaka 19. Hata si lazima iwe picha ya mtu halisi. Helga Dittmar na wenzake, Uingereza, 2006, waliwasomea wasichana 162 wa miaka mitano hadi minane hadithi yenye picha za Barbie, wengine za mwanasesere mwenye mwili mkubwa zaidi, wengine picha zisizo na mwili wa mtu. Waliotazama Barbie walijipenda kidogo na kutamani wembamba zaidi, isipokuwa wale wakubwa wao. Labda hao lilikuwa limeshawaingia.

Ila tazama simu ya binti yako inavyofanya kazi. Mwanamitindo wa gazeti ni mgeni. Kwenye simu ni Aisha wa darasa lake, mwenye umri wake. Leon Festinger alisema mwaka 1954 kwamba tunajipima na watu tunaodhani wanafanana nasi, hatujipimi na walio mbali sana. Halafu picha inakuja na moyo mwekundu na hesabu yake, na ukimya wa wasiobonyeza. Mie nauhesabu huo kuwa mdomo pia.

Nyongeza, kwa kuwa umetaja pua. Hapa kwetu ni ngozi. Kuna utafiti wa 2011, wanawake 42 wa Dar es Salaam waliojichubua walihojiwa kwa nini wanapaka mkorogo. Wapo waliotaka kufanana na Wazungu, kweli, lakini wengine walisema kuondoa chunusi, kumridhisha mwenza, kuwapendeza wenzao, na wapo waliokuwa wanaendelea ili kufunika madhara ya kemikali zenyewe. Ukimhubiria huyo wa mwisho habari za ukoloni hujamgusa kabisa. Ngozi inamuuma.

---

Fundi_Ngamiani

Nimesoma yote, nimewasomea na mabinti wangu. Huyo wa kwenye bwalo la chakula tumecheka hadi uzi ukakatika.

Bi Mkufunzi nina mawili. Kioo changu ni kirefu, kiko mbele ya mteja wakati napima. Nimeanza kukitilia shaka. La pili, mie kila mteja namwambia "umependeza, umenawiri, umepungua hongera". Nilidhani namtoa wasiwasi. Au nami ni benchi?

---

Bi_Mkufunzi

Nianze na kioo. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson na wenzake waliwaingiza wanafunzi, mmoja mmoja, kwenye chumba chenye kioo kirefu, wakidai wanapima maoni ya wanunuzi wa nguo. Baadhi walipewa nguo ya kuogelea, baadhi sweta. Wakiwa bado wameivaa, peke yao chumbani, wakapewa mtihani wa hesabu. Wanawake waliovaa nguo ya kuogelea walipata alama za chini kuliko wa sweta. Kwa wanaume nguo haikubadili kitu. Hoja ya Fredrickson ni kwamba mwanamke hufundishwa kujitazama kwa macho ya mtu wa nje, na kazi hiyo inakula akili hata chumba kikiwa kitupu. Kioo usikitupe, fundi bila kioo atashonaje. Kigeuze wakati wa kupima, kirudishe wakati wa kujaribu. Wakati wa kupima anayehitaji kuona ni wewe.

Kuhusu sifa, nitakuudhi kidogo. Rachel Calogero na wenzake mwaka 2009 waliwauliza wanawake kuhusu maneno ya kukosoa na maneno ya kusifu mwili. Waliofurahia zaidi sifa za mwili wao ndio walikuwa wanajikagua zaidi na hawakuridhika zaidi. Utafiti wa namna hiyo hausemi kipi kimeanza. Ila "umepungua hongera" ina hukumu ndani yake ya jinsi alivyokuwa mwezi uliopita, na ya siku atakaporudi ameongezeka. Na hujui kapunguaje. Zuhura kakwambia hapo juu, ilikuwa malaria.

Kuna kazi moja naipenda kuliko zote. Mtafiti aitwaye Mimi Nichter na wenzake walikaa na wasichana wa sekondari huko Tucson, Arizona, wakachapisha 1995. Wasichana Wazungu walipoulizwa msichana mzuri yukoje walitaja urefu, kilo, rangi ya nywele, kama wanajaza fomu, na wakati huo huo walikuwa wakiambizana "nimenenepa mie" mchana kutwa. Wasichana Wamarekani Weusi wakataja mtindo: anavyovaa, anavyotembea, anavyojua kukitumia alichonacho. Wengi wao waliridhika na uzito wao. Hawakuwa wembamba kuliko wenzao, walikuwa na mazungumzo mengine.

Kwa hiyo sifu nguo. Mwambie rangi ya kitenge imemkubali, bega limekaa, mkono umeangukia vizuri. Na msindikizaji akianza na mapaja ya mtu, mkatize kwa swali la kazi: bitana iwe ya rangi gani, mpasuo uishie wapi. Eric Stice wa Marekani ana mpango mzima wa mabinti uliojaribiwa mara nyingi na ukafaulu, na kiini chake ni kuwafanya waseme kwa midomo yao wenyewe hoja za kupinga huo mwili unaotangazwa. Wale mabinti wako wawili wanaojifunza, waulize wao wangemjibu nini yule wa mapaja. Usiwape jibu.

---

Fundi_Ngamiani

Nimewauliza leo asubuhi. Mdogo kasema angemjibu, "Dada, mapaja hayo ndiyo yamemleta hapa kwa miguu, wewe umekuja na bajaji." Nimemwambia asilitumie hilo kwa mteja, lakini moyoni nimelipenda.

Kioo nimekigeuza. Benchi nimelitoa nje, chini ya mwembe, wasindikizaji wanapata upepo.

Kusifu mshono wangu sina tabu kabisa, hiyo nilikuwa naifanya bila mshahara. Mzee wa Chumbageni, bei inategemea kitambaa na kama mama anataka bitana. Mlete mwenyewe, nimpime mimi, usiniletee namba za kukisia.